Kiini cha Chura na Posa Yangu

Jumapili, mvua tangu alfajiri

Leo mvua imeamka kabla yangu. Hapa Maramba ikinyesha namna hii, hata jogoo wa jirani anakata shauri kunyamaza. Nimejifunga kanga mbili, nimekaa kitandani na simu mkononi, na chai imeshapoa.

Nina furaha. Nasema hivyo mapema kwa sababu nyinyi mnaopita kunisoma hapa mmezoea kunikuta nimenuna, na karibu wiki nzima hii nilinuna kwelikweli. Nilimnunia Nassoro, nikawanunia watu wa kwao wote, nikamnunia mpaka chura ambaye hana kosa.

Acha nianze na huyo chura.

Nafundisha baiolojia kidato cha tano, na tulikuwa kwenye mada ya kiini cha seli. Kitabuni kiini kimechorwa duara moja tu, lilelile kwa kiumbe yeyote. Mwanafunzi mmoja, msichana ambaye akinyoosha mkono najua leo nina kazi, akauliza: kama viumbe wanatofautiana kwa wingi wa vinasaba, yule mwenye vingi anavihifadhi wapi? Kiini chake kinatanuka?

Swali zuri mno. Jumla ya vinasaba vyote vya kiumbe tunaiita jenomu, na ndiyo, kwa kawaida jenomu ikiwa kubwa kiini nacho huwa kikubwa, na seli yenyewe hukua pamoja nacho. Ningeweza kuwasomea wakaandika, kengele ikalia, tukaachana salama. Lakini mimi nimeumbwa vibaya. Kitu ambacho sijakiona kwa jicho langu hakinikai rohoni, na sipendi kuwapa watoto wa watu kitu ambacho mimi mwenyewe hakinikai.

Njia rahisi ya kukiona ni damu, kwa sababu chembe zake zinaelea mojamoja. Damu ya mtu haisaidii hapa, maana chembe zetu nyekundu hutupa kiini kabla hazijaingia kazini, na mbuzi na ng'ombe ni hivyohivyo. Kuku anabaki nacho. Chura pia anabaki nacho, na chura amebeba vinasaba mara kadhaa zaidi ya kuku. Kwa hiyo nilihitaji tone la damu ya kuku na tone la damu ya chura, niyaweke chini ya hadubini moja, kwa ukuzaji uleule. Basi.

Jumamosi ya wiki iliyopita kulikuwa na akika huko Moa.

Kwa wasiojua mambo yangu: Riziki ni mwalimu mwenzangu, anafundisha Kiswahili, na ndiye aliyenikutanisha na kaka yake, Nassoro, fundi wa mashine za boti. Posa imeshaletwa kwetu na mahari imekubaliwa. Kilichobaki kilikuwa kutaja siku ya ndoa, na kwa kuwa baba yao ni marehemu, wazee wa kwetu walimwachia mama yao, Bi Zainabu, heshima hiyo. Riziki amejifungua mtoto wa kike, akika, ile shughuli ya kumchinjia kichanga, ikafanyika kwa mama yake, nami nikaalikwa.

Mchumba kwenda ukweni kabla ya ndoa si jambo la kuchezea. Unaangaliwa unavyokaa, unavyochagua mchele, unavyowajibu wakubwa. Hayo nayajua. Nilivaa gauni refu lenye mifuko, nikafunga ushungi vizuri, nikafika mapema na kuomba kisu nimenye vitunguu. Mpaka hapo nilikuwa mkamwana wa kusifiwa mtaa mzima.

Tatizo ni kwamba mfukoni nilikuwa na kisanduku cha sabuni, na ndani yake vioo vya hadubini.

Mbali na mbuzi wa akika walichinjwa kuku, nyuma ya jiko. Nikasogea, nikagusisha kioo kwenye damu, nikaitandaza kwa ukingo wa kioo cha pili, nikaipuliza ikakauka, nikairudisha kisandukuni. Nilipoinua macho, Bi Tatu, shangazi yake Nassoro, alikuwa amesimama na sinia la mchele, ananitazama.

Nikamwamkia tena. Akapita na sinia lake.

Ningeishia hapo labda ningepona. Lakini kando ya mtungi wa kutawadhia alikuwa amejibanza chura mnene, ametulia utadhani na yeye kaalikwa. Nilijiambia kwamba riziki haikataliwi. Nikaazima kopo tupu la maziwa ya mtoto, nikatoboa kifuniko, nikainama na gauni langu la ukweni nikamkamata. Bi Tatu aliliona na hilo.

Adhuhuri tuliswali chumbani kwa Bi Zainabu, mimi ubavuni mwake. Tulipomaliza nikainuka, na kile kisanduku kikalia mfukoni. Akaniuliza nina nini humo. Na mimi, kwa akili zangu, nikakitoa nikakifungua mbele yake na kumwonyesha kwa majivuno.

"Damu ya kuku, mama. Ya wanafunzi wangu."

Aliangalia kioo, akaniangalia mimi, kisha akauangalia mswala. Aliukunja mswala taratibu na kutoka nje. Mimi nilidhani ameishangaa elimu yangu. Wallahi ndivyo nilivyodhani. Nilirudi Maramba kwa bodaboda, kopo mapajani, naimba.

Jumatatu Nassoro akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetumwa. Akaniambia nyumbani kuna maneno. Bi Tatu anasema binti wa Maramba amechukua damu kwenye shughuli ya kichanga, akamtia chura kwenye kopo la maziwa ya kichanga hichohicho, akaondoka navyo. Anamtakia nini mtoto wa watu? Hilo lilinichoma, lakini lililoniumiza zaidi lilikuwa la mwisho. Bi Zainabu hakusema lolote kuhusu chura wala damu. Alisema tu habari ya siku ya ndoa iachwe kwanza.

Iachwe kwanza. Jamani, aliyewahi kuchumbiwa anajua maneno hayo yana uzito gani. Nimeona posa za watu zikiachwa kwanza mpaka bibi-harusi akaolewa kwingine.

Nilimjibu Nassoro kwa hasira. Nilimwambia amweleze shangazi yake kwamba kama ningekuwa mchawi ningeanza na yeye. Namshukuru Mungu kwamba Nassoro ana busara kuliko mimi na maneno yale hakuyafikisha popote. Nampenda kwa mengi, na hilo ni mojawapo, ingawa siku ile nilimwita mwanamume asiye na mdomo.

Na sasa mnicheke. Siku hiyohiyo vioo vyangu vilitoka vizuri kuliko maisha yangu yote ya ualimu.

Chura nilimchoma kidole kidogo, nikapata tone, nikamwachia bustanini kwenye unyevu. Damu nikaishikiza kwenye vioo kwa spiriti, na kwa kuwa maabara yetu haina rangi ya kuchovyea nikatumia jivii, ile dawa ya zambarau ya duka la dawa, niliyoizimua kwa maji. Rangi ile inapenda kung'ang'ania kwenye kiini. Nikaweka kuku kwanza. Chembe zake ni mviringo uliorefuka, na katikati ya kila moja kuna kiini cha zambarau, kidogo kama punje ya ufuta. Nikabadilisha, nikaweka chura. Nilisikia moyo wangu unaruka. Chembe zimekuwa majitu, na kila jitu lina kiini chake kama punje ya choroko.

Wanafunzi walisukumana kwenye ile hadubini mpaka nikaogopa watainamisha meza. Yule msichana wa swali alitazama muda mrefu, akainua kichwa na kuuliza kama kiini ni gunia tu linalotanuka kwa kujazwa. Nikamwambia hapana, hapo ndipo utamu ulipo. Katika mwili mmoja jenomu ni moja, lakini viini vya seli kubwa huwa vikubwa na vya seli ndogo huwa vidogo. Kwa hiyo kiini kinaangalia mzigo, lakini kinaiangalia pia nyumba ambamo kimo. Kiini na seli, kipi kinamwongoza mwenzake, wataalamu wenyewe bado wanavutana. Darasa likawa na kelele za watu wanaobishana kwa furaha, na mimi mwalimu wao nilikuwa na furaha hiyohiyo.

Kisha nikaenda stoo ya vitabu nikalia.

Niliyawaza mengi wiki hii. Niliwaza kurudisha posa mwenyewe kabla haijarudishwa, ili niwahi. Niliwaza kwamba pengine mimi si mtu wa kuolewa na watu wa shughuli na sinia. Lakini kila nikifika hapo namkumbuka Nassoro anavyonisikiliza nikimweleza habari za seli, mikono imejaa grisi, na maswali anayouliza si ya kunifurahisha tu. Simwachi mtu kama huyo kwa ajili ya kopo la maziwa.

Ijumaa nikamwomba mkuu wa shule hadubini. Si ile ya umeme, ile ya zamani yenye kioo chini kinachopokea mwanga wa jua. Akaniuliza naipeleka wapi. Nikamwambia naipeleka ukweni. Akafungua kabati, akanipa.

Jana jua lilikuwa kali, nikamshukuru Mungu kwa hilo maana bila jua ningekuwa nimebeba chuma bure. Nilifika Moa hadubini imeviringishwa kwenye kanga mapajani kama mtoto. Nassoro alikuwa Tanga mjini anatafuta vipuri, na nilifurahi hayupo, nisije nikajificha nyuma yake. Bi Zainabu alikuwa uani anasuka ukili wa mkeka. Nikapiga magoti, shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa sauti ile ya mtu anayesubiri kitakachofuata. Bi Tatu alimchukua mtoto wa Riziki mikononi na kwenda kukaa upande wa pili kabisa wa ua. Lile liliniuma, lakini nilimeza.

Nikasema nimekuja kuonyesha nilichokuwa nakitafuta siku ile, ili wasihadithiwe. Riziki akaleta meza.

Bi Zainabu aliweka ukili chini, akaja. Alikiinua kioo kwanza, akakigeuza juani.

"Rangi hino si dawa ya midomo ya watoto?"

"Ndiyo mama, ni jivii hiyohiyo."

Akainama. Mwanzo aliona kope zake mwenyewe, kama kila mtu. Nikamwelekeza afumbue macho yote mawili asikaze. Akatulia. Kisha nikamsikia anasema alaa, polepole, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba asiyoijua. Nikamwambia hao ni kuku. Nikabadilisha.

"Na majitu hano?"

"Chura, mama. Yule wa mtungini kwako."

Alicheka kwa pua. Kisha akaniuliza swali ambalo wasomi wanaliuliza kwa maneno marefu: "Sasa chura ana lipi la kumshinda kuku, hata apewe chumba kikubwa hivi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hamshindi kwa lolote tunalolijua. Wingi wa vinasaba si wingi wa akili wala ufundi wa mwili. Sehemu kubwa ya mzigo ule ni vipande vinavyojirudiarudia, na vingi hatujui vina kazi gani, kama vina kazi. Lakini mzigo ni mzigo, uwe wa maana usiwe wa maana, unataka nafasi.

"Kumbe mfano wa maharusi wa siku hizi. Vyombo vimejaa hata mlango haufungiki, na chai hawajui kupika."

Riziki akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikacheka kwa tahadhari, maana sikuwa na hakika kama lile dongo lilikuwa langu. Nikaona niongeze, nikasema hata kitunguu maji wanachomenya kila siku kimebeba vinasaba vingi kuliko mtu, tena mara kadhaa. Sauti ikatoka upande wa pili wa ua.

"Kuliko mie?" Ni Bi Tatu.

"Kuliko sote, shangazi."

"Ndo maana chaniliza kila siku ya Mungu."

Akainuka. Alikuja na mtoto begani, akampa Riziki, akainama kwenye hadubini akiwa ameshika ushungi usije ukagusa. Alitazama chura, akataka kuku, akarudi kwa chura. Hakuniomba radhi na sikutegemea. Lakini alipomaliza alimchukua mtoto, akakaa kwenye mkeka karibu yangu, na mtoto akaushika mkono wangu wenye madoa ya jivii bila mtu kumzuia.

Nilidhani yameisha. Nikaanza kuviringisha hadubini.

Bi Zainabu akaniita chumbani. Tukakaa kitandani, mlango ameurudisha. Maneno yake nayaandika kama yalivyo kwa sababu sitaki niyasahau.

"Mwanaidi, mie uchawi sikuuwaza. Mchawi gani wa mchana kweupe, aazimaye hata kopo? Mie niliwaza sala. Ulisali ubavuni mwangu na damu mfukoni."

Nilihisi uso wangu unawaka.

"Nikasema moyoni, kama hajui ntamfunza, si kazi hiyo. Kama ajua na hajali, kwa mwanangu simtaki. Na kukuuliza mbele ya watu sikutaka, ungeaibika. Ndo nikasema, siku ingoje, mpaka aje mwenyewe."

Wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kujitetea kwa kosa ambalo sikulifanya. Nilikuwa na hoja, nina hadubini, nina jua. Hili nililolifanya kweli halikunipitia akilini hata mara moja. Najua damu ni najisi, nimesoma chuo cha Kurani tangu sina meno, na mtu yeyote angeniuliza ningejibu bila kusita. Lakini ilipokauka tu kwenye kioo, kwangu ikaacha kuwa damu. Ikawa somo. Nikaitia mfukoni nikasimama mbele ya Mola wangu nayo, na bado nikajisifu.

Nikamwambia hivyohivyo. Kwamba najua, nilighafilika, na kwamba sikuwa nimefikiri hata kidogo, na kutofikiri huko kunanitia haya kuliko maneno yote ya chura.

Alinitazama. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni kwangu, lakini nadhani alikipata, maana alinyoosha mkono akanirekebisha ushungi.

"Basi adhuhuri ile irudie. Mie nitoke."

Nikaenda kutawadha. Nikatoa kila kitu mfukoni, mpaka tiketi na pipi, nikaviweka juu ya kabati. Nikatandika mswala wake na kuanza kuilipa adhuhuri ya wiki nzima nyuma. Nilijitahidi kuhudhurisha moyo. Lakini dirisha lile linaangalia uani, na Bi Zainabu anapoongea kwa simu huongea kama mtu asiyeamini kwamba simu inafikisha.

Rakaa ya tatu nikamsikia anasalimiana na baba yangu mdogo. Anamuulizia afya, mahindi, mvua za huko Maramba. Nikarukuu. Anamuulizia mke wake. Nikasujudu, na hapo, paji la uso liko kwenye mswala wake, nikamsikia anasema waziwazi: "Basi sheikh, siye tumeona ndoa iwe mwezi wa Rajabu, Ijumaa ya mwanzo, Mungu akipenda."

Nilitabasamu kwenye sijda. Nilijizuia nikashindwa. Machozi nayo yakaja, nikawa sijui nishughulike na lipi.

Nilipotoa salamu alikuwa mlangoni.

"Umesikia?"

"Nilikuwa naswali, mama."

"Nakuuliza, umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Mvua inapungua sasa. Nina madaftari ya kusahihisha na hadubini ya kurudisha kesho kabla mkuu hajaanza kuiulizia. Lakini tangu jana kuna swali moja linanizunguka. Sala ile niliyoilipa huku moyo wangu wote uko dirishani, imeswihi kweli, imekubalika? Nitamuuliza Bi Zainabu. Na akiniambia niirudie tena, nitakwenda Moa niirudie palepale.